Kisanduku Cheusi cha Bi Mwanakombo

Kitu cha kwanza kunishtua kazini kilikuwa sauti yangu mwenyewe. Bwana Famau, fundi wa vipaza sauti aliyenifunza kazi hii, alinipandisha juu ya dari la nyumba moja ya mtaa wa Langoni, hapa Lamu, akanipa maiki, akaniambia, "Sema kitu." Nikasema, "Kitu." Honi mbili tulizozifunga ukutani zikalitupa neno lile mtaani kote. Punda wakasimama. Bibi mmoja akatoa kichwa dirishani akauliza ni nani aliyekufa. Mimi nilitaka kushuka nikimbie. Bwana Famau akacheka, akasema, "Basi, kazi umeipata."

Sasa nimestaafu, na Swafia wa ofisini ameniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaobaki. Mimi nimesoma darasa la tatu na chuo cha Kurani, basi. Mengine yote nimejifunza kwa kupigwa shoti. Vyeo na mshahara sitavitaja, kwa sababu havikuwahi kunisaidia kufunga waya. Na anayetaka Kiswahili cha mtihani atafute kwengine.

Bwana Famau alikuwa mtu wa maneno machache na koleo moja. Amplifaya yake aliifunika kitambaa kama mtoto mchanga, maana chumvi ya Lamu hula chuma kuliko kutu. Kifaa kikiharibika, kipuri kiliagizwa Mombasa, kikafika Mokowe na basi, kikavuka kwa boti, na mara nyingi hakikuwa chenyewe. Tukakichonga mpaka kikawa chenyewe.

Harusini na maulidini wanaume waliketi nje, wanawake ndani nyuma ya pazia. Kwa hiyo tulivuta nyaya mbili: mmoja wa honi za nje, mmoja wa spika ya ndani. Wanaume wakikosa sauti utajua, watakuja wakushike shati. Wanawake hawatoki. Waya wao ukikatika, nani atakwambia?

Harusi yangu ya kwanza nilianza na waya wa nje. Ule wa ndani nikaupitisha chini ya mlango, mlango ukafungwa, ukaufinya. Kasida ikasomwa yote, nikaha ikafungwa, sisi twasema wanawake wa nyumba hii wana adabu, hata vigelegele hawapigi. Wakati wa chakula mafundi tukaletewa kutoka ndani sinia yetu imefunikwa kawa. Nikafunua. Ulikuwa waya wangu. Umekatwakatwa kama tambi, umepangwa kwenye sahani, na kipande cha ndimu kando.

Bwana Famau akaitazama ile sahani, akanawa mikono, akaniambia, "Bismillahi. Kula."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Tangu siku ile nikavuta waya wa ndani kwanza, kabla hata ya kuuliza bwana harusi ni nani. Bwana Famau alipofariki, spika zake nilizichukua mimi, na kwa miaka mingi hapakuwa na shughuli Lamu ambayo sikuitia sauti. Hilo nalisema wazi. Asiyependa mtu ajisifu asisome.

Kisha ikaja korona. Watu wakakatazwa kukusanyika, na fundi wa makusanyiko akakaa nyumbani kuangalia spika zake zikiingia buibui. Ndipo akaja Swafia, binti aliyekuwa ametoka kusomea kompyuta, akanikuta barazani nimejiinamia.

"Babu Lali, watu wanakutana bado."

"Wapi?"

"Kwenye simu."

Nilidhani ananichezea. Akaifungua laptopu yake, nikaona vijisanduku vimejaa skrini, na kila kisanduku kina uso wa mtu: daktari yuko Mombasa, mwengine Faza, mwengine nti za baridi, nchi za ng'ambo, amevaa sweta mbili. Wote wazungumza. Nilisogea nyuma nikasoma Ayatul Kursi. Kisha mmoja wao akafungua simu ya pili chumba kile kile, ikaanza mbinja, wiiii, wote wakashika masikio na hawajui la kufanya. Hapo hofu ikanitoka. Mbinja naijua. Ni shetani yule yule wa honi: maiki inaisikia spika, spika inaisikia maiki, hawanyamazi mpaka umzime mmoja. Nikamwambia Swafia, "Mwambie yule bwana wa shati jeupe azime simu ya mfukoni." Kukawa shwari.

Hivyo ndivyo ofisi yetu ya Langoni ilivyoanza. Swafia alijua vitufe, mimi nilijua watu na sauti. Na nyinyi mlio wapya msidharau niliyowafundisha. Ndani ya nyumba za matumbawe mtandao haupenyi, mpandisheni mzungumzaji darini. Darini kuna upepo, basi maiki ivalisheni soksi. Punda akilia msimfukuze, mfukuzaji hupiga kelele kuliko punda. Na adhana ikiingia waambieni wageni wa mbali mapema kwamba tutanyamaza, wasije wakadhani tumekatika.

Mwaka uliofuata Swafia akanionyesha jambo ambalo mpaka leo halijashuka vizuri kooni. Mtandaoni kulikuwa na kitabu, mwongozo wa kuendesha mikutano ya namna hii, kimeandikwa na mafundi wa nti mbalimbali wasiojuana.

"Mwenyewe nani?" nikauliza.

"Hakina mwenyewe, Babu. Kila mtu anaandika."

"Na akikosea?"

"Mwengine anamsahihisha."

"Na yule mwengine akikosea?"

"Mwengine tena."

"Hiki si kitabu, Swafia. Hii ni baraza ya wasio na kazi."

Lakini nilisoma. Kulikuwa na fundi wa visiwa vya mbali ameeleza namna ya kufanya mvua ikipiga bati na mzungumzaji hasikiki. Nilimpenda mtu yule bila kumuona. Mwengine ameeleza jinsi ya kumkata mwenyekiti asiyejua kunyamaza, tena bila kumvunjia heshima. Ila hakuna aliyeandika juu ya watu wetu. Kila ukurasa ulisema: fungua kamera, onyesha uso, asiyeonekana atolewe. Nikafikiria wake zetu wa visiwani, ambao hawatafungua kamera mbele ya wanaume wasiowajua, nikasema hapa ndipo pangu.

Nikaandika ukurasa kwa kidole gumba kimoja, Swafia akatia mikato. Nikauita "Wasioonekana". Nilieleza kwamba kisanduku cheusi chenye jina tu ni sawa na pazia, nyuma yake kuna mtu, na mtu huyo asitolewe wala asisahauliwe. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Asiyefungua kamera ana sababu yake, usimuulize."

Ukurasa ule ulikwenda. Watu nisiowajua wakautia kwenye lugha nisizozijua. Nikawa napita Langoni kama bwana harusi.

Asubuhi moja naufungua, sentensi yangu haipo. Mahali pake pameandikwa: "Asiyefungua kamera aulizwe kwa heshima, na mtu anayemwamini, ili ijulikane kuwa ni yeye anayesema." Aliyeandika amejiita Jirani.

Nilihisi kama mtu ameingia kwangu akahamisha kitanda. Nikairudisha sentensi yangu. Akaitoa. Nikairudisha.

"Babu, umeanza vita," akasema Swafia.

"Si mimi. Ni huyo mzungu."

"Umejuaje ni mzungu?"

"Nani mwengine atakaye kuona nyuso za wake za watu?"

Chini ya kila ukurasa wa kitabu kile kuna mahali pa kujadiliana. Nikaandika pale bila kutafuta maneno: "Wewe hujui adabu. Kwetu sisi mtu hupiga hodi, hachungulii dirishani." Chai yangu haijapoa, jibu likaja: "Bwana Lali, ukikohoa alfajiri naamka mimi. Tumetengwa na ukuta mmoja. Zulekha."

Simu iliniponyoka. Bi Zulekha ni mwalimu wa shule ya msingi, nyumba yake na yangu zimeegemeana. Siku zote zile nilizokuwa nikipigana na mzungu, mzungu alikuwa akiniletea mkate wa sinia.

Nikaenda. Nikapiga hodi, nikaketi dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, yeye akasimama nyuma ya mlango ulioegeshwa.

"Bi Zulekha, umenitia aibu mbele ya dunia."

"Dunia haikujui, Bwana Lali. Mimi ndiye nikujuaye."

"Watu wetu hawafungui kamera. Wewe mwenyewe hufungui."

"Sifungui. Wala sikuandika wafungue. Nimeandika waulizwe." Akaongeza, "Kwenye mkutano wa wazazi nimewasikia wanaume ndani ya visanduku vya wake zao. Jina la mke, sauti ya mume. Mke yuko jikoni, hana habari kwamba amekubali."

"Hao ni wachache."

"Umejuaje? Hukuuliza. Umeandika tusiulizwe."

Nikasimama kwenda zangu. Akanifuata kwa sauti: "Miaka yote umetuvutia waya wa kusikia, Mungu akulipe. Waya wa kunena uko wapi?"

Nikarudi nyumbani nimekasirika, nikairudisha sentensi yangu. Safari hii yeye hakuigusa. Nikajua nimeshinda.

Sasa nifike kwenye mkutano wa boti, ambao ndio hasa Swafia alitaka niueleze.

Kulikuwa na kamati ya afya iliyopata boti moja ya wagonjwa kwa visiwa vyetu. Swali lilikuwa moja: boti ilale wapi, Lamu au upande wa Pate? Wazungumzaji walitakiwa kutoka kila kisiwa, na kwa kuwa hawawezi kusafiri wote, mkutano ukaletwa kwetu tuuendeshe mtandaoni. Tchundwa, kule Pate, walimchagua Bi Mwanakombo, mkunga wao. Alinipigia kabla ya siku kujaribu sauti, na nilipomuuliza atasema nini, akaniambia hivi:

"Boti ikilala Lamu, yaja kwetu tupu kwanza, ndipo irudi na mgonjwa. Na ndia yenyewe maji yakipwa haipitiki. Mwenye utungu hangoji safari mbili, Bwana Lali. Nimefunika watu shuka pale gatini wakiingoja boti. Sitaki kufunika mwengine."

Nikamwambia neno lako litafika, kazi hiyo niachie mimi. Nilisema hivyo kwa kifua.

Siku ikafika. Mwenyekiti alikuwa daktari aliyekaa Mombasa, mtu mstaarabu na mwenye haraka. Bi Zulekha alikuwemo kwa niaba ya wanawake wa Langoni, kisanduku cheusi. Bi Mwanakombo kisanduku cheusi. Wa Lamu wakanena, boti ilale Lamu, kuna mafundi. Wengine wakanena hili na lile. Kisha mwenyekiti akasema, "Bi Mwanakombo wa Tchundwa, karibu."

Taa ya maiki yake ikawaka, ikatoka sauti ya mwanamume.

"Bi Mwanakombo anawasalimu. Sisi Tchundwa hatuna neno. Boti ilale Lamu, tukiihitaji tutapiga simu."

"Asante," akasema mwenyekiti. "Tumeandika, Bi Mwanakombo hana pingamizi."

Sauti ile naijua. Ni Athman, mdogo wake Bi Mwanakombo, mwenye mashine yake, boti ya injini ya kubeba abiria, na wagonjwa wa Tchundwa wote hubebwa na yeye. Boti ya bure ikilala Pate, yeye atambeba nani?

Nikafungua maiki yangu. Fundi hasemi mkutanoni, nawafundisha kila siku, lakini nilisema. "Bwana Athman, Bi Mwanakombo mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ndani."

"Ndani wapi? Mpe simu anene."

Akacheka. Akasema mbele ya watu wote, "Bwana Lali, si wewe uliyeandika? 'Asiyefungua kamera ana sababu yake, usimuulize.' Nimeusoma ukurasa wako. Mzuri sana."

Wallahi, nimepigwa shoti na jenereta, nimeanguka darini na honi mkononi, lakini sijawahi kupigwa vile. Maneno yangu mwenyewe, herufi kwa herufi, yamenisimamia mlangoni kama bawabu, na aliyeyapa kazi hiyo ni mimi. Swafia alikuwa kando yangu, amejifunika mdomo.

"Tuendelee," akasema mwenyekiti.

"Hatuendelei," nikasema.

"Mzee, wewe ni fundi. Mwenyekiti ni mimi."

"Ni kweli, Daktari. Uenyekiti ni wako na swichi ni yangu. Bi Zulekha, unanisikia?"

Kisanduku cha Zulekha kikawaka taa. "Nakusikia, Bwana Lali."

"Swafia atakufungulia chumba cha pembeni, cha wanawake watupu. Ingia wewe na kisanduku cha Bi Mwanakombo. Mwenyewe akiwemo, akufungulie uso wewe peke yako, kisha rudini. Nakuomba."

"Leo waniomba?"

"Leo nakuomba."

Wakatoweka wote wawili kwenye skrini. Mwenyekiti alikuwa akipumua kwa pua, nasikia. Zulekha akarudi peke yake. "Nimefungua mlango," akasema, "nimekuta ndevu."

Kuna mtu aliyecheka, sikumjua. Athman akajitoa, kisanduku kikazimika. Mwenyekiti sasa naye akashtuka, akauliza tufanyeje. Zulekha akasema Tchundwa yuko mwanafunzi wake wa zamani, ana simu, apewe muda amtume akamtafute Bi Mwanakombo. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu kubwa kuliko zote. Kuwashika watu mtandaoni wasiondoke ni kama kushika maji kwa kiganja: kila mmoja ana kidole juu ya kitufe cha kutoka. Niliwasimulia. Niliwapa habari ya sinia na waya uliokatwa kama tambi. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Hawakutoka.

Kisha kikafunguka kisanduku kipya, jina nisilolijua, na kamera imewashwa.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, ameshika simu mbali na uso kama mtu anayejitazama kwenye kioo, mikono ina udongo wa shamba, mtandio umemteleza kwa mbio. Nyuma yake mihogo.

"Ndimi Mwanakombo," akasema. "Nimeambiwa yeo nimeshanena. Nilinena nini?"

Zulekha akamwambia taratibu, "Bi Mwanakombo, kamera i wazi. Wanaume wakuona."

"Naiyua. Nimefungua mwenyewe. Wanione, asije mtu akasema si mimi."

Mimi nikageuza uso ukutani. Si kwamba nilikasirika, nilishindwa. Mwanamke ambaye majirani wa mtaa wa pili hawamjui sura amesimama mbele ya watu wa Mombasa na wa visiwa vyote kwa sababu mimi nimeandika asiulizwe. Nikaendesha sauti yake kwa masikio tu, mkono juu ya laptopu, macho kwenye chokaa.

Mwenyekiti akamsomea yaliyoandikwa kwa jina lake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Athman wanisikia? Najua wasikia, upo kwa fulani na simu yangu. Nilikupa simu ukaichaji. Ulimi sikukupa." Kisha akawageukia watu wa mkutano, akawaeleza habari ya safari mbili na maji yakipwa, na wale aliowafunika shuka pale gatini, akawataja majina mmoja mmoja na majina ya mama zao. Hakulia. Alipomaliza akauliza, "Hayo mumeyaandika?" Daktari akasema, "Tumeandika, mama." Akazima.

Boti ililala upande wa Pate. Siku nyingine haina mafuta, nayo ni hadithi nyingine, ila inalala pale. Athman mpaka leo hanisalimu, na mimi sijaumwa.

Baada ya hapo mimi na Bi Zulekha tukaketi, mimi dakani yeye nyuma ya mlango, Swafia katikati na laptopu, tukauandika ukurasa upya. Tukaeleza chumba cha pembeni, na kwamba mlangoni pake awepo mwanamke anayeaminika, na kwamba sauti isiyolingana na jina isimamishwe pale pale. Mafundi wa nti nyingine wakaongeza ya kwao, kumbe hata kwao kuna wana wanaosema kwa visanduku vya wazee wao. Sikujua. Nilidhani ni sisi tu.

Sentensi yangu Bi Zulekha hakuitoa. "Hiyo nakuachia," akasema. "Ni ya mwanzo wako." Nikamshukuru moyoni, nikaiacha pale juu kabisa.

Tulipomaliza nikamwambia Swafia ampigie Bi Mwanakombo amsomee, maana ndiye mwenye habari. Akamsomea kwa spika. Mstari wa kwanza tu, akamkata.

"Hilo rudia."

"'Asiyefungua kamera ana sababu yake, usimuulize.'"

"Nani aloandika?"

"Bwana Lali. Yupo hapa."

"Bwana Lali, salama? Kitabu hiki chenu, naambiwa kila mtu aandika, na mimi pia?"

"Na wewe pia, Bi Mwanakombo," nikasema.

"Basi hilo litoe."

Nyuma ya mlango Bi Zulekha akakohoa. Swafia akanitazama mimi, kidole kiko juu ya kitufe. Nikamwambia, "Umesikia alivyosema mwenyewe." Akabonyeza, na maneno yakaanza kuliwa kutoka nyuma kuja mbele, herufi kwa herufi, mpaka pakabaki peupe.

"Limetoka?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Limetoka," nikamjibu.

"Haya. Endelea kusoma."